Waliojipanga Nyuma ya Mgongo Wangu

Beni, Ijumaa mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwanza, ndipo nilalamike. Goti lako likoje baada ya mvua hizi? Maharagwe ya kule ukingoni mwa msitu yamekomaa, au nyani wamekutangulia tena? Sisi wa Butembo ni wazima. Mume wangu Kambale ni mzima, watoto wazima, na mdogo wangu Kavugho, kipenzi chako, ni mzima kutupita sote. Ananawiri kwa mboga ya sombe ya nyumbani kwangu.

Usishangae kuona barua wakati simu ipo. Ukitaka mtandao hapo Kasugho unapanda kilima, na jirani zako wote wanasikia ninayosema. Haya ni ya macho yako peke yako. Soma polepole kama unavyosoma Biblia, usimpe mtu akusomee.

Ninaandika kwenye daftari la mkutano mkuu wa chama, hapa Beni, wakati wenzangu wanakula. Ndiyo Mama, mimi. Shingoni nina kadi yenye jina langu, na chini yake wameandika: mjumbe wa Rughenda. Najua umeshaanza kupiga vigelegele. Ngoja kwanza usikie nilivyoipata.

Miaka mitatu sijakosa kikao cha chama cha mtaa wetu wa Rughenda. Nimebeba mabenchi, nimefagia uwanja, nimewapikia chai. Kavugho alipomaliza masomo akaja kukaa kwangu, amehudhuria vikao vinne. Vinne tu! Kwenye kikao cha tatu aliomba neno, akasema juu ya barabara ya Kasugho: mihogo inavyoozea kwenye matope, na mama mjamzito anavyobebwa kwa machela ya tipoyi siku nzima mpaka hospitali. Kifaransa na Kiswahili vilimtoka bila kugongana. Watu wote wakamgeukia. Mimi nilikuwa ninamimina chai, nikajimwagia mkononi.

Niseme wazi, nilimwonea wivu. Na haukuwa wivu wa siku moja. Niliacha shule darasa la tano ili nimbebe mgongoni wewe ukilima. Mgongo huu alisinzia juu yake, alikojoa juu yake, alijifunza kusema juu yake. Halafu nyote mkasema Kavugho ana akili, asome. Labda hata mimi nilikuwa nazo, Mama. Nani alizitafuta?

Basi ikafika siku ya kuchagua mjumbe. Wagombea tukawa wawili, mimi na yeye, maana walimsukuma na yeye hakukataa. Kwetu kura ya mtaa haina karatasi. Wagombea husimama mbele wakitazama ukuta, na kila mtu hujipanga nyuma ya anayemtaka. Ukigeuka, unatolewa. Wanasema ni ili usijue nani amekukataa. Upuuzi mtupu! Ukiishi na watu unawajua kwa miguu yao.

Mwenyekiti wetu, yule seremala mwenye sauti nene, akapiga kelele: « Candidats, macho ku ukuta! Batu bengine, mujipange nyuma ya mutu mwenye munapenda. Hapana kusema, hapana kuchekana! »

Nikasikia buti za mpira za Kambale zikija nyuma yangu. Nikamshukuru Mungu kwa ndoa. Zikaja ndala za mama mmoja, na wengine wachache. Kisha miguu yote iliyobaki ikapita kushoto, kwa Kavugho, ikapita, ikapita, kama mbuzi wanaokwenda kwenye chumvi. Nilisikia kikohozi cha jirani yangu, yule niliyempikia siku zote za matanga ya mumewe. Naye akaenda kushoto. Roho iliniuma mpaka nikahesabu matofali ya ukuta ili nisilie.

Kabla hawajaanza kuhesabu watu, nikasikia sendo nyepesi, kisha mkono mgongoni mwangu.

« Kavugho, unaenda wapi? Rudia pa nafasi yako! » Ni mwenyekiti.

« Niko nyuma ya yaya, mukubwa wangu. Kwetu maji ya kunawa haipitake mukubwa. »

« Lakini mustari yako ni murefu! »

« Basi baje nayo huku. »

Wakacheka, wakapiga makofi, wakaja. Wazee wakasema, huyu ametoka nyumba yenye heshima. Nyumba hiyo ni yetu, Mama, na ni wewe uliyetulea hivyo, maji yaanze kwa mkubwa. Lakini sikiliza: nikatangazwa mjumbe mimi, akashangiliwa yeye. Hata ushindi wangu aliushinda yeye.

Ningeweza kukataa. Ningegeuka niseme, mdogo wangu, rudi mbele, hawa ni watu wako. Mdomo nilikuwa nao. Niliendelea kutazama ukuta, nikaupokea ushindi.

Tulifika hapa salama, barabara ilikuwa shwari. Jana nilikaa karibu na mjumbe kutoka Mbau, mwanamke anayeuza mihogo kando ya njia. Akaniuliza, « Na wewe, balikuchagua namna gani? »

« Kwa mustari. »

« Ulikuwa murefu? »

« Murefu sana. »

Sikusema uongo, lakini masikio yaliniwaka, na sikumwangalia tena mpaka tulipoachana.

Leo asubuhi wakanipa neno. Sikuwa nimetayarisha kitu. Nilifungua mdomo, na yaliyotoka ni yale ya Kavugho, moja baada ya jingine: barabara, matope, mihogo, mama mjamzito kwenye tipoyi. Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi, na wameyaandika kwenye ripoti. Nikaketi. Furaha niliyoingoja miaka mitatu ilikuja, ikakuta kiti chake kina mtu. Na huyo mtu sasa hivi yuko Rughenda, anawapikia wanangu na kunishikia meza yangu ya sokoni ili mimi niwe mheshimiwa huku.

Msalimie baba mdogo Paluku, mwambie barabara yake imesemwa Beni. Msalimie shangazi Katungu aliyenifundisha kuuza, na padri aliyetubariki mimi na Kambale. Mwanamke wa Mbau anakusalimu pia, ingawa hakujui. Nimemwambia nina mama mkali.

Kuna jambo moja limenibana. Jumapili moja kabla ya kura, Kavugho alikupigia simu. Alizungumza nyuma ya nyumba muda mrefu, akarudi macho mekundu. Nilipomuuliza, alisema tu, « Mama anakusalimia. » Nataka kujua, Mama. Je, ni wewe uliyemwambia anipishe?

Kama ni wewe, niambie, nikukasirikie wewe nimwache yeye. Mkubwa ni jalala, nitalimeza na hilo. Lakini kama si wewe, basi ni moyo wake, na hata moyo amenizidi.

Mimi mwanao wa kwanza,
Masika