Jiwe la Kwenye Tangazo

Clotilda wee, ifute ile picha ya tangazo niliyokutumia! Ile nimekalia jiwe kubwa. Ifute sasa hivi!

Leo nimempeleka mteja wangu wa kwanza, mzee Bizimana, Mabawe kuliona lile shamba la kwenye tangazo. Nikaumwaga udalali wangu wote. "Mzee, hili shamba safi, halijawahi kukaliwa na mtu!"

Halijawahi kukaliwa na mtu. Nimesema hivyo, kwa mdomo wangu huu!

Mzee akacheka mpaka akashika mgomba. "Mwanangu, tulihamishwa kutoka hapa mwaka sabini na nne, tukapelekwa kijiji cha ujamaa. Nyumba yetu ilikuwa hapo uliposimama."

Nikatamani ardhi inimeze. Nikamuuliza amejuaje kwamba shamba lenyewe ndilo hili.

"Nimelitambua jiwe kwenye picha. Tuliliweka sisi juu ya kaburi. Umemkalia mama yangu."