Muhsin alipiga hodi

Sheikha pokea simu. Basi soma

Muhsin. Huyu huyu Muhsin aliyelala kwenye kochi la mama alipofika London hana pa kwenda. Kumbe siku hizi kazi yake bailiff, wale wakamata mali za wadaiwa, na leo kaja kukamata vitu vya mama kwa deni la kodi ya kaunsili

Na mama anaishi kwa benefiti ya serikali, atalipa na nini

Yule dada wa ofisi ya ushauri wa madeni pale Barking alimwambia asiwafungulie hao mabailiff, maana wasipokaribishwa ndani hawawezi kugusa kitu. Basi wiki nzima wanagonga, mama kajifungia kimya, hata redio hawashi

Leo hawakugonga. Muhsin kapiga hodi. Kwa sauti ya kwao Pemba: "Hodi hodi, wenyewe"

Hodi, Sheikha. Mama tangu azaliwe hajanyamazia hodi. Kaitika "karibu mwanangu", kafungua bila hata kutazama ni nani, kaenda zake jikoni kuteleka chai

Anarudi na vikombe, kamkuta yeye na mzungu mmoja wanaandika TV na zulia la Omani kwenye orodha ya vitu vya kukamatwa

"Muhsin, ni wewe?"

"Nisamehe mama, kazi tu"

Kazi tu. Na viatu kavivua mlangoni, wallahi, kaandika zulia la mama kasimama juu yake na soksi

Mama kamuwekea chai yake mezani

Mimi nimefika sasa hivi, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, kimya

Kanichungulia kwanza dirishani. Mimi, mwanawe