Rangi ya Jasu

Jumanne, 5 Machi 2019
Chuchu imekamilika! Saratani ilimla binti yangu Jasu titi zima la kushoto, madaktari wakamjengea jingine, wakakunja ngozi yake mwenyewe ikasimama kama chuchu. Leo hospitalini Rajkot wameizungushia wino, duara safi. Muuguzi alileta kadi ya rangi, eti Jasu achague ya waridi. Nikamwambia muuguzi, hiyo ni ya wanawake wa kwenye matangazo, sisi watu wa kabila la Wamer rangi yetu ni sukari guru. Akacheka, akachanganya upya. Sasa kushoto na kulia huwezi kutofautisha. Macho ya nani hayo yaliyochagua? Yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewaambia wanawake kwenye foleni ya maziwa. Kidogo tu. Walitaka kujua, ningefanyaje?

Jumamosi, 9 Machi
Jirani yangu Puri ametoka kijijini kwa wakwe wa Jasu. Habari ilifika huko kabla yake. Rambhi, mama mkwe wa Jasu, anasema titi la wino si titi, mwanawe Karsan hakuoa ukuta wa kupakwa rangi. Watamtafutia Karsan mke mwingine.

Rambhi huyo huyo. Siku ya arusi alimsimanga mwanangu kwa kwenda bila chale za wino shingoni, kama wake zetu wa zamani. "Kwenu mlikosa hata sindano ya kumchora bibi arusi?" Haya, mwanangu ana wino — wino umegeuka aibu. Na Rambhi mwenyewe kachorwa kutoka kidevuni hadi kifuani, nge, tausi, visima, kama pazia la dukani. Zote zimelegea. Nge amekuwa kamba.

Na Karsan alisema nini? nikamuuliza Puri. Eti alikuwa anapuliza chai. Mume mzima, anapuliza chai.

Jumatatu, 11 Machi
Jasu hasemi nami. Jana alisema neno moja refu: Mama, umenitembeza kama ng'ombe wa mnada. Nimempikia mkate wa uwele na siagi. Kaugusa, kauacha.

Alhamisi, 14 Machi
Rambhi amepiga simu. Anataka kuja na mashangazi wote wamkague Jasu, ndipo waseme kama anarudi kwa mumewe au harudi. "Tuone kwa macho, dada, tusije tukauziwa picha."

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumtukana. Jasu akaninyang'anya simu. Sauti ya upole, kama anaagiza chumvi dukani.

"Karibuni, mama. Anayetaka kuona changu atangulie kufungua chake. Na Karsan aje. Nami nina la kumkagua, nione kama namtaka bado."

 Nikabandika sikio langu pembeni ya simu. Rambhi akakohoa, akasema vizuri, Karsan atakuwepo, mashangazi watakuwepo, wanakuja Jumatano, siku ya kuwasha moto wa sikukuu ya Holi.