Nafasi ya Kumi na Sita Melini

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kabla ya msaada naomba radhi. Miaka minne iliyopita nilikuandikia kuhusu mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, ambaye baada ya ugomvi wetu aliniletea barua ya kuniomba msamaha, nami nikaisahihisha kwa wino mwekundu na kumrudishia. Ulinijibu kwa ukali. Uliniambia niende kwake mikono mitupu, nibishe hodi na niseme nimekosa. Nikaenda, nikasema, tukalia, tukapatana, na hadi leo tunapatana, lakini wewe sikukuandikia hata mstari mmoja wa shukrani. Nimekuwa kama mtoto anayekumbuka nyumbani pale tu njaa inapomshika. Unisamehe kwa ukimya huo mrefu, maana nimerudi na njaa nyingine.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, sina mume wala mtoto, na kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Hakuna kitabu wala kadi ya mwaliko iliyotoka pale bila kupita mbele ya macho yangu, ndiyo maana wenzangu waliniita Kalamu Nyekundu, na jina hilo nimestaafu nalo. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema ili ujue aibu yangu imekaa wapi.

Sisi wastaafu wa kiwanda kile hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika chumba cha nyuma cha duka la mfunga vitabu wetu wa zamani, tukiwa tumekalia marobota ya karatasi kwa sababu viti ni vinne tu. Mwanzoni mwa mwaka huu, mpanga herufi wetu, mzee ambaye hajawahi kusema jambo bila kulitia mzaha, alileta kipeperushi cha safari ya meli ya kitalii, siku saba, bandari nne, kulala na kula humo humo, na chini kabisa pameandikwa kwamba watu kumi na watano wakikata tiketi pamoja wanapewa bei ya kundi. "Maisha yetu yote tumechapa vipeperushi vya watu wanaokwenda kustarehe," alisema, "na sisi twende tukastarehe kabla hatujachapiwa matangazo ya vifo." Watu walicheka hadi mfunga vitabu akaja kuchungulia, kisha wakasema kwa sauti moja kwamba Kalamu Nyekundu awe mratibu, yeye asome mkataba, na wao watatia saini pale atakapoweka kidole.

Mshauri, niliusoma. Niliusoma siku mbili mezani kwangu, kalamu mkononi, nikakuta makosa kumi na moja, nikayasahihisha yote pembeni na kumpelekea binti wa ofisi ya wakala wa safari, ambaye alicheka na kusema, "Bibi, hakuna mteja aliyewahi kutufanyia hivi," nami nikatoka pale kichwa juu kama mtu aliyevishwa nishani. Nilitia saini. Lau ungeniuliza siku ile mkataba unasema nini, ningekuambia koma zilikaa wapi.

Isipokuwa kifungu kimoja, ambacho nilikisoma kama wasomavyo watu wengine. Kilisema kwamba wanaolipa wakifika kumi na watano, mratibu anapewa nafasi ya kumi na sita bure. Wenzangu wengi wanachangiwa na watoto wao. Mimi nina pensheni ya kiwanda na paa linalovuja, na bila kifungu kile nisingekanyaga meli ile isipokuwa katika ndoto. Nilikusudia kuwaambia. Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. Lakini katika mkutano uliofuata mpanga herufi aliniuliza mbele ya wote, "Na wewe, bi mkubwa, umeshatoa chako au unatungoja sisi wanyonge?" nami nikajibu, "Mimi nilimaliza mapema." Maneno matatu. Nikasikia mwenzetu mmoja akimnong'oneza jirani yake, "Unaona? Huyu mtu ana nidhamu tangu zamani," na baada ya hapo sikuweza tena kuyarudisha.

Tulipofika kumi na wanne tukakwama. Wa kumi na tano nilimtafuta mwenyewe, na alikuwa mdogo wangu, ambaye hakufanya kazi kiwandani hata siku moja na ambaye anaogopa maji hata yakiwa ya beseni. "Dada, mimi na bahari wapi na wapi?" aliniambia. "Nikizama, wewe utayasahihisha mayowe yangu kwanza, ndipo uniokoe." Nilimbembeleza wiki tatu. Nilimwambia safari hii itafidia miaka tuliyonuniana, na katika kumwambia hivyo niliamini, au nilijifanya naamini. Akauza cherehani yake ya pili, ile ya vitambaa vizito, akaniletea malipo katika bahasha, akasema, "Nakuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya meli."

Sasa sikiliza lililonipata. Siku kumi zilizopita nilikwenda kwa wakala kuchukua orodha ya vyumba, na kwenye kioo cha dirisha nikakuta tangazo jipya la meli ile ile na tarehe ile ile, chumba chenye dirisha, bei ya mtu mmoja mmoja, na bei hiyo ilikuwa chini kuliko yetu ya kundi, sisi ambao vyumba vyetu vyote viko tabaka la chini na havina hata tundu la kuchungulia. Niliingia nikamuuliza yule binti imekuwaje.

"Meli haijajaa, bibi, kwa hiyo bei zimeshushwa," alinijibu. "Yenu ilifungwa siku mliyotia saini. Haipandi, haishuki."

"Na hilo tuliambiwa na nani?"

"Kifungu cha tisa."

Akafungua jalada akanigeuzia ukurasa. Pembeni ya kifungu cha tisa palikuwa na masahihisho mawili kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Yule binti ni mwema. Alishusha sauti akanieleza kwamba tukijitoa kabla ya mwisho wa mwezi tutarudishiwa chetu, pungufu ya ada ndogo ya kufuta, na kila mmoja anaweza kukata upya kwa bei ya dirishani. "Ila kundi likivunjika," alisema, "nafasi yako ya bure nayo inakufa."

Tangu siku ile nimekuwa nikijitafutia hoja. Najiambia kwamba kundi litakaa meza moja wakati wa chakula, kwamba vyumba vyetu vimepangwa jirani, kwamba tumeahidiwa ukumbi mdogo wa kukutania, na kwamba mambo hayo yana thamani yake. Najiambia pia kwamba wenzangu hawapiti mtaa ule na hawatalijua tangazo lile. Kisha namkuta mdogo wangu akijishonea koti la safari kwa cherehani moja iliyobaki, akiniuliza kama melini kuna baridi, nami nashindwa kumtazama usoni. Naomba uniambie: je, bei ya kundi bado inafaa, au niivunje? Na nikiivunja, niwaambie nini?

Kalamu Nyekundu

*

Kalamu Nyekundu,

Ombi lako la radhi nimelipokea. Jibu hili nakutumia kwa posta kabla ya kulitoa gazetini, kwa kuwa mwisho wa mwezi haumngoji mhariri.

Umeniuliza maswali mawili ukayafungia katika bahasha moja, ukitumaini nitalijibu jepesi na kulisahau zito. Nianze na jepesi. Bei ya kundi ni kinga dhidi ya kupanda kwa bei. Meli ikijaa haraka, waliokata mapema kwa kundi huwacheka waliochelewa. Meli ikikosa watu, kinga hiyo hugeuka kamba ya kuwafunga. Yenu imegeuka kamba. Lakini usikimbilie kuikata. Kesho asubuhi rudi kwa yule binti, mwombe awaulize wenye meli kama watawapa bei mpya bila kuvunja kundi, kwa sababu hakuna mfanyabiashara anayependa kupoteza watu kumi na watano kwa siku moja, ila pia hakuna anayepunguza kabla hajaombwa. Muulize kama bei ya dirishani imejumlisha ada za bandari na bakshishi za wahudumu, maana bei za dirishani hupenda kutoka nje nusu uchi. Meza moja ya chakula inaweza kuombwa hata na watu waliokata mmoja mmoja. Liulizie hilo nalo. Majibu yote uyapate kwa maandishi, na safari hii uyasome kalamu ikiwa kabatini.

Sasa lile zito. Dada yangu, usijifiche nyuma ya koma. Mtu aliyekiona kifungu cha nafasi ya bure hakuwa kipofu. Cha tisa kilikupita kwa sababu hukukitafuta. Kile kingine ulikitafuta ukakipata, ukakikalia. Miaka minne iliyopita uliletewa barua ya mtu anayelia, ukaona herufi. Mwaka huu umeletewa imani ya watu kumi na wanne na cherehani ya mmoja, ukaona herufi tena. Kosa la kwanza nililiita kiburi. La sasa lina jina baya zaidi, nawe unalijua, ndiyo maana humtazami mdogo wako usoni. Na usinichekeshe kwa habari ya ukumbi mdogo wa kukutania: mkutane mzungumze nini, na wewe umekalia siri inayowahusu wao?

Hata hivyo nakuonea huruma, kwa sababu umeteseka bure. Pensheni kuwa ndogo si aibu. Wenzako hao walifanya kazi kiwanda kile kile, wanalipwa na mfuko ule ule, na wanaijua pensheni yako kuliko wanavyoyajua magoti yao. Ungesema siku ile, "Mimi sina, ila mkataba unanipa nafasi," mpanga herufi angekutania dakika tano, kisha wangekupigia makofi. Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha mbele ya watu waliokuwa tayari kukushika mkono.

Fanya hivi. Nenda kwa mdogo wako kabla hujaenda kwa mtu mwingine yeyote. Usiandike, umeshaona barua zinavyowatenda ninyi wawili. Mwambie kwamba ulimhitaji awe wa kumi na tano, na umwambie kwa nini. Akitaka kujitoa, arudishiwe chake chote, na ada ya kufuta uibebe wewe hata kama paa litavuja msimu mwingine mmoja. Halafu itisha mkutano, usingoje Jumamosi ya kwanza. Wasomee kifungu cha tisa na kile cha nafasi ya bure, wape majibu ya wakala, waambie kwamba yale maneno yako matatu yalikuwa uongo, kisha unyamaze. Usiwape hotuba. Uamuzi ni wao, si wako tena. Wakibaki kundi, punguzo la nafasi yako ligawanywe sawa kwa wote kumi na sita, kama makundi mengi yafanyavyo, nawe ulipe sehemu yako kama mtu mwingine. Ukishindwa kulipa, baki nyumbani ukawapungie mkono gatini. Wapo waliobaki nyumbani wakalala usingizi mzuri.

Na usininyamazie tena.

*

Mpendwa mshauri,

Jibu lako nimelisoma bila kalamu mkononi. Kwa wakala nilikwenda. Binti amepeleka ombi la bei mpya na kuniandikia majibu mengine yote, ila kuhusu bei bado tunasubiri.

Kwa mdogo wangu nilikwenda jana asubuhi. Alikuwa anapinda mkono wa lile koti. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuona haki ya kukaa. Hakuinua kichwa. Alishona hadi mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kwa hiyo hukunitaka mimi. Ulitaka mtu wa kumi na tano." Nikasema ndiyo. Sijawahi kutamka neno zito kama hilo. Akanisogezea stuli kwa mguu. "Kaa. Nisomee hicho kifungu cha tisa, polepole, kwa sababu siku ya mkutano nataka nikielewe kuliko wewe."

Bado hajaniambia kama amenisamehe, wala kama atasafiri. Koti amelitundika mlangoni, halijatiwa vifungo. Mkutano ni Jumamosi hii. Mfunga vitabu ametafuta viti. Wakishaamua wao, na yeye akishaamua lake, nitakuandikia siku hiyo hiyo, liwe jema au baya.

Kalamu Nyekundu