Kikombe cha Koplo

Jumatatu, 4 Machi

Msimu wa pili wa vichekesho vyetu vya jeshini umeanza, na mwongozaji amerudi na wazo. Mungu atusaidie. Kuanzia leo, ukishavuka geti la studio wewe si wewe tena, wewe ni cheo chako. Hata kamera zikizimwa. Eti tukiishi hivyo, watazamaji watavunjika mbavu.

Maofisa wamepewa chumba chenye feni na meza yenye kitambaa. Sisi wa chini tunavalia stoo, kati ya ndoo na mafagio, na tunakula kwenye mabenchi nje. Mimi ni Koplo wa jikoni. Kidevu ni Luteni.

Kidevu! Tumeigiza pamoja tangu enzi za ukumbi wa mtaa na viti vya kuazima. Vikombe vilikuwa haba, basi sisi wawili tulikunywa chai kwenye kikombe kimoja cha bati, kwa zamu, yeye upande wa mkono wa kikombe, mimi upande wa pili. Vikombe vipya viliponunuliwa, tukaendelea vilevile. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Hata sisi hatukuulizana.

Leo alisimama kidogo kati ya meza na benchi, akaniambia si yeye aliyepanga. Nikampigia saluti. Watu wakacheka, nami nikacheka. Akaenda kwenye kitambaa.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Maofisa walishikiwa miamvuli, sisi tukashikwa na matope.

Mchana Luteni akapita karibu na benchi letu, kamera zote zimezimwa. Akaagiza chai. "Koplo, chai." Nami nikainuka! Nikamletea, na sukari yake nyingi ile ile anayopenda, nikasimama wima mpaka akaonja. Akasema asante, Koplo. Sauti ya kazini kabisa.

Ana mwaka mzima wa kunifahamu kama Koplo, na miaka chungu nzima ya kuniita jina langu. Nimelikumbuka jina langu kinywani mwake. Nimelikumbuka vibaya sana. Basi, nimeshaliandika, sasa nilale.

Ijumaa, 8 Machi

Skripti mpya! Siku ya kupinduana vyeo: maofisa wanatumikia, askari wa chini wanakaa. Luteni anamletea Koplo chai, anakaa kwenye benchi, na mwishoni anachukua kikombe cha Koplo mwenyewe, cha bati, anakunywa humo humo.

Nimesoma mistari hiyo nikiwa stoo, nimekalia ndoo. Mwandishi wa skripti ni mgeni kwetu. Ukumbi wa mtaa hajawahi kuusikia. Kikombe kimoja amekitoa wapi?

Ni Kidevu tu angeweza kumwambia. Au ni bahati tu. Vikombe vya bati viko kila mahali, nisijidanganye.

Ila nimejidanganya kutwa nzima, na imekuwa siku nzuri.

Jumapili, 10 Machi

Aibu, aibu, aibu.

Nilikuwa nafua uani. Nasikia hodi, nageuka, ni yeye. Hajakanyaga kwetu tangu msimu wa kwanza uishe. Nami nikaruka, povu mpaka viwikoni, nikampigia saluti! Nyumbani kwetu! Nimevaa kanga na kandambili!

Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kidevu hakucheka. Mkono wake ulipanda wenyewe, akanirudishia saluti, kisha akautazama mkono ule kana kwamba si wake.

Mama naye hakunisaidia. Zamani alikuwa anamwambia, "Wewe, jimiminie." Leo amempangusia kiti cha sebuleni, amemtolea kikombe chenye kisosi, na kunong'ona jikoni eti afisa hanywi kwenye plastiki. Nikamwambia, "Mama, ni maigizo!" Akasema anajua sana ni maigizo, kisha akaniuliza kama Luteni anakula pilipili.

Nikamsindikiza mpaka barabarani. Swali lilikuwa hapa, kwenye ulimi: ni wewe uliyemwambia mwandishi? Yeye naye alikuwa na neno, nilimwona anavyolimeza. Na unajua nilikuwa nasubiri nini, ewe daftari? Nilikuwa nasubiri aniruhusu kuongea. Koplo haanzi. Nikasimama kando ya barabara kama mlingoti, mpaka akaaga.

Jumanne, 12 Machi

Kikombe kimekatwa.

Mshonaji wetu alikuwa chumba cha maofisa, anamkazia Kanali vifungo, akasikia yote. Kanali (mzee yule wa matangazo ya sabuni, hajawahi kushika hata manati) kalalamika kwamba afisa kunywa kwenye kikombe cha koplo ni kulivunjia gwanda heshima. Hata katika kichekesho kuna mipaka, anasema. Mwongozaji akakubali. Sasa Luteni ataleta chai kwenye glasi, juu ya sinia, Koplo atainywa, Luteni ataondoka.

Mwandishi akajitetea: wazo halikuwa lake, Luteni ndiye aliyemwomba aliweke.

Ni yeye! Nilimshika mshonaji mabega, nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamuuliza, na Luteni akasemaje? Mshonaji akahangaika na uzi wake. "Hakusema kitu, dada. Aliinamia sahani tu."

Alikumbuka. Akaomba. Kisha akanyamaza. Sijui nimwekee lipi moyoni kati ya hayo. Nimebaki na hamu tu, haijui iende upande gani.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, ndani ya seti, na gwanda mwilini. Taa kubwa imeungua, fundi yuko juu ya ngazi, hakuna ruhusa ya kuondoka.

Tulikuwa tunarekodi. Luteni akaja na sinia, glasi juu yake. Akainama, akaniwekea. Mstari wake ulikuwa, "Karibu, mkuu," kisha aondoke. Hakuondoka. Akakaa. Kando yangu kulikuwa na kikombe changu cha bati, pambo tu la seti, ila chai nilishaitia mwenyewe. Akakinyanyua, akanywa. Polepole, upande wa mkono, upande wake wa siku zote. Na akaniita jina langu. La kweli!

"Kata!"

Kanali alisimama na kitambaa cha mezani kifuani. Mwongozaji akauliza ni nani aliyebadilisha skripti. Kidevu akasema amesahau tu mistari. Mwongozaji akamjibu kwamba maluteni wa kuchukua nafasi yake wamejaa hapo nje. Tunarudia, na safari hii glasi. Kisha akanigeukia mimi: "Koplo, hicho kikombe mpe mtu wa vifaa akitoe."

Papo hapo taa ikapasuka.

Kidevu wamemrudisha kwenye meza yao. Anayo glasi mbele yake, haigusi. Ananitazama. Mtu wa vifaa amenyoosha mkono, anangoja, ananiambia taratibu, "Koplo, ni amri." Kikombe kiko mapajani mwangu, chai imebaki nusu, bado ya moto.

Fundi anashuka ngazi. Taa imewaka. Wanapaza sauti kila mtu mahali pake, na kwangu ni kusimama, saluti, kukabidhi.

Sijasimama. Nimekizungusha kikombe, upande wa mkono uwe kwangu, na sasa nakinyanyua mdomoni.