Matuta Yako Yaliyopinda, Zaina

Zaina,

Matuta yako yamepinda. Nilikuambia ukiwa hai ukanicheka, nakuambia tena ukiwa kaburini huko Budondo, ambako huwezi kunigeuzia mgongo na kuingia jikoni. Mwanamke mzima, mama wa watoto, hawezi kulima mstari ukanyooka! Halafu umekufa, umeniachia mimi kazi ya kueleza watu mambo yako, na magoti yangu unayajua.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma mpaka praimari ya tatu tu, lakini herufi zangu zimenyooka kuliko matuta yako. Na Kiswahili hiki ni kile kile cha nyumbani kwetu, cha mume wetu Mzee Ramadhani, maana yeye alikuwa Mnubi, wewe Msoga, mimi Mgisu wa Busiu. Bila Kiswahili tusingeweza hata kugombana. Na kugombana kulikuwa lazima, usikatae.

Sasa nikupe habari. Mimi niko Mbale bado, Namatala, kwa mwanangu Yusufu. Kelele ni nyingi, maji ni ya kununua, lakini sijambo. Nimekwenda Jinja juzi kwa ajili ya ule uwanja wa gofu aliofanyia kazi mzee. Usingeutambua. Mimi mwenyewe nilisimama getini nikamuuliza Yusufu, hivi tumefika au tumepotea?

Ile miti waliyoipanda baada ya vita, pande zote mbili za shimo la nne, kile kipande cha nne cha kuchezea, wameikata. Wanasema wanarudisha uwanja ulivyokuwa mwanzo, walipouchora Wazungu, na kwamba zamani mtu akisimama pale juu na fimbo yake alikuwa anauona mto wote. Kweli, sasa mto unaonekana. Shimo la kwanza limesogezwa ndani kwa sababu barabara imekula kona yake. Na yale maduara ya mchanga mweusi penye bendera, ambayo mzee alikuwa akiyamwagia oili chafu ya malori ili upepo usipeperushe mchanga, hayatumiki tena. Siku hizi mpira unamalizia kwenye nyasi fupi kama zulia la msikitini. Lakini nyasi hizo wameziotesha pembeni, maana pale penye duara la zamani la shimo la nne hazikubali. Mpaka leo pako wazi, peusi.

Nilipoliona duara lile nilicheka peke yangu, watu wakanitazama. Unakumbuka ulivyoanika mihogo pale? Ukasema, Mama Yusufu, hapa ni laini, hapana mawe, kuku hawaji. Kuku walikuwa na akili kuliko wewe. Tukasaga, tukasonga, nyumba nzima ikanuka lori. Mzee akala tonge moja, akanawa mikono, akasema, "Leo nimekula gereji." Wewe ukamaliza sahani yako yote kwa ukaidi.

Basi. Nilikuwa nasema shimo la nne.

Wajukuu wetu hawajui kwamba pale palikuwa tambarare kama mkeka. Panateremka kwenda mtoni, ndiyo, lakini hapakuwa na kilima wala bonde. Nilipoolewa mzee alikuwa nyapara wa wakata nyasi, na siku za mashindano alinipeleka nikasimame pembeni nione kazi yake. Halafu ikaja ile miaka ya wanajeshi. Wazungu waliobaki wakaondoka, Wahindi wakafukuzwa, wachezaji hawapo, mshahara haupo, sukari haipo, sabuni haipo. Nyasi zikawa ndefu kuliko mtu. Mzee akasema, ardhi hii imelala na watoto wangu wana njaa. Akaligawa shimo la nne katikati, kutoka juu mpaka chini. Upande wa kushoto wangu, wa kulia wako. Tukapanda viazi vitamu.

Mimi mzee alinipigia kamba. Kutoka juu, alikokuwa anasimama mpigaji, mpaka chini kwenye bendera. Nikalima matuta yangu yakanyooka kama mistari ya daftari. Watu walikuwa wakipita barabarani wanasimama, wanauliza, hili shamba la nani? Wewe kamba uliikataa. Ukasema inakufunga miguu. Ukainama ukaanza kulima kutoka ubavuni, ukazunguka, ukarudi, ukazunguka tena, matuta yamelala upande kama mtu mgonjwa. Mzee alisimama akiwa ameshika kiuno, akasema, "Zaina, hii ni kazi ya nyoka mlevi." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na kila alipokuja mgeni nyumbani mzee alimpeleka kuona matuta yangu, yako anayapita haraka haraka. Hayo unayajua. Nayaandika kwa sababu ndiyo kiini cha barua.

Vita vya kuwatoa wanajeshi wale vikaja vikaisha, wachezaji wakarudi, sisi tukaambiwa tung'oe viazi vyetu. Tukang'oa. Trekta la kusawazisha halikuwepo, wakafyeka tu na kuacha nyasi zifunike. Kwa hiyo matuta yakabaki chini ya nyasi, yangu na yako. Watu wamecheza gofu juu ya viazi vyetu mpaka wewe umekufa na mimi nimeota mvi mpaka za nyusi. Mpira ukianguka pale ulikuwa unaruka kama panzi. Wanatukana, wanacheka, wanaendelea.

Sasa mwaka huu wamemleta mtaalamu wa kupanga viwanja, mama mmoja Mkenya, mwenye kofia na viatu vya mpira. Mtu wa heshima, aliniamkia vizuri. Huyo ndiye anayerudisha uwanja kwa kutazama picha ya zamani. Kwenye picha shimo la nne ni tambarare, kwa hiyo akauliza, haya mawimbi yametoka wapi? Wazee wa pale wakamwambia, hayo si ya Wazungu, ni viazi vya mke wa nyapara.

Sikiliza walichofanya. Matuta yangu wameyasawazisha. Katapila ilikuja asubuhi, mchana hakuna kitu. Nimesimama nikatazama upande wangu wa kushoto, umekuwa bapa, umepakwa nyasi mpya, kama sikuwahi kushika jembe maishani mwangu. Na yako wameyaacha! Yote! Wameyakata nyasi vizuri, jua likilala yanaonekana moja moja, yanazunguka, yanarudi, na wachezaji wanayapiga picha. Nikamuuliza yule mama Mkenya, kwa nini umeacha haya ya ovyo ukaondoa yaliyonyooka? Akaniambia, "Mama, yale yaliyonyooka yalikuwa yanapeleka maji yote mtoni pamoja na udongo. Haya yanayashika. Aliyelima hapa aliyajua maji." Nikamwambia hakujua chochote, alikuwa mvivu wa kupiga kamba. Akacheka, akadhani natania.

Lakini hilo ningelimeza. Lililonipandisha basi kutoka Mbale ni lingine.

Siku hizi kila shimo wanalipa jina, wanaliandika kwenye ubao. Shimo la nne wakataka kuliita kwa jina la mke wa nyapara. Wakauliza mke wa nyapara yuko wapi, wakaambiwa yuko Namatala kwa mwanawe, anaitwa Mwajuma. Hakuna aliyesema walikuwa wawili. Mjukuu wako Rehema ndiye aliyenipigia simu. Yuko pale siku hizi, anaendesha mashine ya kukata nyasi, amevaa suruali, amekaa juu kama afande. Ananiita Jaja, kama alivyokuita wewe bibi yake. Akasema, "Jaja, wamekuandika kwenye shimo la nne. Jumamosi wanafungua, wanataka uje ukate utepe." Ndivyo alivyosema, sauti haipandi haishuki, hakuongeza. Nikamuuliza, bibi yako je? Akasema, "Karibu Jinja, Jaja."

Hakulalamika hata neno. Kama wewe.

Nikafua vazi langu la gomesi, lile la manjano, nikaenda. Siku ile ya Ijumaa, kabla watu hawajaja. Ubao nikaukuta umesimama, mbao nzuri, rangi nyeupe, MATUTA YA BIBI MWAJUMA. Nitakuambia ukweli, jina langu lilipendeza. Sijawahi kuliona kubwa vile. Yusufu akatoa simu yake akaanza kunipiga picha, mama simama hapa, mama cheka kidogo. Rehema amezima mashine yake kule chini, anatutazama tu.

Nikamwita msimamizi. Nikamwambia, ng'oa hiki kibao.

Akasema, "Bibi, kuna kosa la herufi?"

Nikamwambia herufi ziko sawa, mtu ndiye si yeye. Matuta haya ni ya mke mwenzangu Zaina binti Isa. Yangu mmeyasawazisha. Mimi niandikwe juu ya mistari iliyopinda hivi? Watu wa Busiu wapite hapa waseme Mwajuma alikuwa hajui kulima? Yusufu akanivuta mkono pembeni. Akasema, "Mama, acha. Wewe ndiye uliyebaki. Na sisi ni familia moja, jina ni jina." Nikamwambia, familia ilikuwa moja, majembe yalikuwa mawili, na wewe nyamaza, maana tumbo lako linajua ulikula vya nani.

Hakunielewa. Wakati ule wa viazi alikuwa mdogo. Ikabidi nimweleze pale pale mbele ya msimamizi na yule Mkenya, na sasa nakuandikia wewe, kwa sababu hatukuwahi kulizungumza.

Ule mwaka wa mvua kubwa. Matuta yangu yaliyonyooka, yenye kusifiwa na kila mpita njia, yalikuwa mifereji mizuri ajabu. Maji yaliingia juu yakatokea mtoni, na viazi vyangu vikaenda nayo. Niliamka nikakuta udongo mwekundu mtupu na nyayo za kiboko katikati, amepanda moja kwa moja kama nimemtengenezea barabara. Upande wako kila kitu kimesimama. Majani yanang'aa. Nikarudi ndani nikalala, nikafunika uso. Nilingoja uje useme. Niliyapanga hata majibu. Wewe ukaja mlangoni, ukaweka kikapu cha viazi, ukaenda zako. Kesho yake kikapu. Kesho yake tena. Msimu mzima Yusufu na dada zake walikula kutoka kwako, na hukusema neno, si kwangu, si kwa mzee, si kwa majirani. Mzee akaendelea kuwaambia wageni kwamba mkulima ni Mwajuma. Na wewe uko jikoni, unasikia, unamenya.

Ungenisema ningekujibu, tungemaliza. Umenyamaza mpaka umekufa. Unadhani mtu analala vipi na kitu kama hicho?

Msimamizi alijaribu tena. Akasema ubao umeshalipiwa, rangi imeshakauka, kesho wageni. Nikamuuliza, kwani rangi imeisha Jinja nzima? Nikakaa chini palepale kwenye nyasi zao fupi, na gomesi yangu, nikavua viatu. Nikamwambia sikati utepe, na siondoki, na itabidi mwanangu anibebe mbele ya wageni wenu. Yule mama Mkenya akageuka upande wa mto, mabega yanatikisika kwa kicheko. Rehema akapanda kutoka kule chini. Hakunibembeleza, hakulia, hakufanya mambo ya sinema. Alikaa karibu yangu, akavua viatu vyake naye.

Wakaleta rangi kabla ya alasiri.

Sasa pameandikwa MATUTA YA ZAINA. Nimelisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, nikamwambia fundi arefushe mkia wa Z. Jumamosi utepe aliukata Rehema. Mimi nilikaa kitini kivulini, nikaletewa soda, nikaangalia wanaume wenye tumbo wanapiga mpira unagonga tuta lako, unapinda, unakwenda usikotakiwa. Kila ulipopinda nilisema moyoni, mwone Zaina huyo. Mmoja akauliza kwa hasira ni nani aliyeweka upuuzi huu hapa, mwenzake akamwonyesha ubao.

Naona kiganja kimechoka, nimalizie. Watoto wako wazima. Rehema ataolewa akipenda, usimharakishe na ndoto zako. Kaburi lako nimelipalilia, mwenye shamba la jirani amechimba karibu nalo mno nikamkemea. Nakuahidi hivi: maadamu naweza kupanda basi, kila mvua ikianza nitakwenda Jinja kuangalia kama kuna mtu ameleta katapila upande wa kulia. Akija, nitavua viatu nikae. Nikishindwa, Rehema anajua pa kukaa. Na kila Ijumaa nakuombea dua, hata Ijumaa ambazo bado nimekukasirikia.

Lala salama, mke mwenzangu. Mungu akupanulie mahali.

Lakini usilale kwanza. Mzee Ramadhani yuko huko huko uliko. Ondoka umtafute, hata kama amekaa na wageni, hasa kama amekaa na wageni. Mwambie yaliyonyooka yameondolewa, yaliyopinda ndiyo yamebaki, na yana jina. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe, kwa sauti, na usinyamaze mpaka amesikia. Fanya hivyo kabla sijafika, maana mimi nikifika nitamuuliza.

Mwajuma