Gauni Jeusi la Katikati ya Ghala

Thetsane, Maseru
Jumatano, mwezi wa pili

Mama yangu mpendwa,

Sasa hivi Thakane ametumbukiza mkono mzima kwenye kopo la gundi, kisha akaja mbio akaupiga juu ya karatasi hii niliyokuwa nimeitandika tayari kukuandikia. Hilo doa la pale juu si uchafu, ni kiganja cha mjukuu wako, vidole vyote vitano. Nilitaka kuitupa nichukue nyingine, lakini nyingine sina, na yeye mwenyewe kasema hiyo ni salamu ya bibi. Basi ipokee, na mimi niongeze za kwangu.

Hujambo, Mama? Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe umepungua, au bado unalala umeuegemeza kwenye gunia? Sisi huku tu wazima. Thakane meno yametoka na maneno nayo yametoka, hata yale ambayo sikumfundisha. Baba yake yuko bado ng'ambo ya mto kwenye mashamba ya viazi, anakusalimu, anasema mwezi ujao akipata ruhusa atakuja kukuezekea pale panapovuja.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mzee wetu, ntate Sekhobe wa basi la Semonkong. Niliisoma mara moja nikashindwa kuirudia. Nitaijibu, Mama, ndiyo kazi ya barua hii, ila uniruhusu nianze mbali kidogo, maana nikianza pale penyewe kalamu itakataa. Ningeweza kupiga simu pale dukani, lakini simu ya dukani unaisikiliza wewe pamoja na foleni nzima ya mkate.

Unajua kwamba laini yetu ya kushona jinzi kiwandani ilisimamishwa kabla ya Krismasi. Tukawa tunashinda nje ya geti, tukingoja kuitwa kazi ya siku moja moja. Ndipo akaja dada mmoja anaitwa Refiloe, mtu wa Mafeteng, aliyesomea sanaa huko ng'ambo. Akauliza kama kuna wanawake wanaojua kushona na ambao wana jambo hawajawahi kulisema. Rafiki yangu Lineo, yule tuliyekaa cherehani jirani miaka minne, akamjibu kwamba kushona tunajua, na yasiyosemwa tunayo ya kujaza lori, ila je, chakula cha mchana kipo? Refiloe akasema kipo. Hivyo ndivyo tulivyoingia kwenye sanaa, Mama, tuliingilia mlango wa tumbo.

Usidhani ni picha ya kutundika ukutani. Ni ghala zima tupu, na sisi wanawake saba tumelijaza. Chini tumepanga mabuti ya wachimba migodi, mengine hayana pacha. Ukutani kuna picha za watu, mabati yaliyokatwa, pindo za mablanketi ya zamani, vipande vya jinzi tulivyookota viwandani. Juu kuna waya, na kwenye waya kila mmoja wetu ametundika vazi alilolivaa siku iliyomuumiza kuliko zote. Ndani ya bitana ya kila vazi tumeshonea spika ndogo. Mtu akisogea karibu, vazi linasema kwa sauti ya mwenyewe. La Lineo ni ile aproni aliyofungia tumbo hadi mwezi wa saba ili msimamizi asijue ana mimba. Anaeleza huku anacheka, na ukisikiliza kicheko hicho mara ya pili unatafuta pa kukaa.

Mimi nilisema habari ya Baba. Nilisema mapafu yake yalivyobaki migodini yeye akarudi nyumbani. Nilisema nilivyoomba ruhusa ya kumzika nikapewa siku tatu, theluji ikala mbili njiani, nikafika majirani wanaosha masufuria. Tulipoisikiliza mara ya kwanza, Lineo akasema nina sauti ya mpangaji anayemwomba mwenye nyumba amwongezee wiki. Tukacheka, lakini alikuwa kasema kweli.

Katikati ya ghala, Mama, pana gauni jeusi na shuka lake la mabegani. Ndilo peke yake lililoachiwa nafasi, watu watalizunguka. Refiloe anasema pasipo lile gauni, yaliyobaki yote ni nguo za kuanikwa tu. Wageni wanakuja Jumamosi hii, hata watu wa redio wamealikwa. Na mimi, nisikufiche, nilikuwa na fahari. Tangu nizaliwe sijawahi kufanya kitu watu wakanyamaza wakakitazama. Nilikuwa nikiota uje uone, kisha usirudi mlimani, ukae nasi hapa, Thakane akulalie mgongoni nami nitafute kazi bila kumfungia kwa jirani.

Sasa nije kwenye barua yako.

Umeniandikia kwamba ng'ombe amekufa, mvua ya mawe imelala juu ya mahindi, na mguu umekataa dawa zote za zahanati. Umeniandikia kwamba shangazi Makhotso amesema msiba haujakutoka, na kwamba wazee wa ukoo wamekaa wakakubaliana naye. Jumapili hii utavishwa nyeusi upya, uanze mwaka mwingine wa kukaa karibu na mlango, kunong'ona, kuingia ndani kabla jua halijazama, na kutosafiri popote. Hukulalamika hata neno moja. Umeandika tu kwamba unajiuliza ulikosea wapi. Labda ni ile jioni uliyochelewa kisimani jua likakuzamia ukiwa na nguo za msiba. Labda ni kule kucheka kwenye arusi ya mtoto wa jirani, mwezi wa nane wa msiba, ulipojisahau.

Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea, Mama. Wewe umekaa huko na mguu wako unajipekua moyo, unatafuta kosa. Usilitafute, huna. Kosa liko hapa Maseru, linaning'inia kwenye waya. Gauni la katikati ni lako.

Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utanihukumu. Ile asubuhi ya baridi uliyovuliwa msiba, walipomaliza kukunyoa, shangazi alinikabidhi bunda la nguo zako nyeusi. Akaniambia niende korongoni nyuma ya zizi, nilimwagie mafuta ya taa, nisiondoke mpaka kila uzi uwe majivu, kisha nimletee majivu ayaone. Akanitania kwamba sisi watoto wa viwandani tunajua kuunguza kwa pasi tu, kwa hiyo niangalie nisijiunguze kope. Nikaenda nikicheka. Sikuwa na nia mbaya, Mama, nakuapia kwa uhai wa mwanangu.

Lakini nilipolifungua bunda nikaliona. Lile gauni nilikushonea mwenyewe, wakati wa mapumziko ya mchana, kwenye cherehani ya kampuni, mshono wa jinzi wa mara mbili, maana nilitaka likuvushe mwaka mzima bila kufumuka. Nilikutumia kwa basi kwa sababu mimi sikuruhusiwa kuja tena. Kwenye viwiko lilikuwa limepauka. Kifuani lilinuka wewe, moshi na sabuni. Mwaka wote ule ulipokuwa unakaa karibu na mlango na Baba wako chini ya udongo, lile gauni ndilo lililokuwa nawe, si mimi. Nikawasha kiberiti, kikazimika. Nikawasha cha pili, mkono ukakataa.

Nilikuwa na koti langu la kazini kwenye mfuko, nalo ni la bluu iliyoiva karibu iwe nyeusi. Nikalichoma lile. Vifungo vyake ni vya chuma, havikuungua, nikavichokoa kwenye majivu kwa kijiti na kuvitupa mbali ili shangazi asivione. Kisha nikamletea majivu. Akayatazama, akasema vizuri. Ukatoka nje kichwa chako kikiwa kipara kinang'aa, ukamimina pombe ya shukrani, ukasema umepumua. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na gauni liko kwenye begi la nepi za Thakane.

Miezi nane nilikaa nalo chini ya kitanda. Nilikuwa najidanganya kwamba nitalichoma likizo ijayo. Refiloe alipokuja kuuliza nguo, nikalitoa, na nilipoona watu wanavyolitazama nikasahau kwamba si langu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kulificha nililificha kwa kukupenda. Kulitundika nililitundika ili nisifiwe.

Kama gauni linaweza kuleta mvua ya mawe, mimi sijui. Nilimweleza Refiloe yote jana asubuhi. Akasema mawe yameanguka wilaya nzima na hayakuuliza nani ana gauni la nani. Lineo yeye alisema hata kama mawe hayajui, mama yangu anaumia, na anayevishwa nyeusi Jumapili si mawe. Mimi sina elimu ya kubishana na shangazi wala na Refiloe. Ninachojua ni kwamba uliambiwa limechomwa, ukalala usingizi juu ya neno langu, na neno lenyewe lilikuwa la uongo.

Refiloe hakunikasirikia, ingawa nilimwona akilitazama lile gauni kama mtu anayesindikiza mgeni. Akasema kitu cha mtu kikidaiwa kinarudishwa, waya utabaki mtupu, na sauti yangu ikae pale pale kwenye kispika ikisema peke yake. Wenzangu wengine wawili walinuna, nao wana haki, kazi ni yao pia. Lineo akawaambia wanune huku wanafumua, mkono haununi. Spika tuliishonea vibaya na shingo tulikuwa tumeikata, kwa hiyo halitarudi zima kama ulivyolivua. Hilo nalo uliongeze kwenye makosa yangu.

Nitapanda basi Ijumaa alfajiri mimi na Thakane. Najua Jumamosi ndiyo siku yenyewe ya wageni, wataingia mimi sipo. Nikifika nitamwambia shangazi mbele ya wazee, kwa mdomo wangu, kisha nitalichoma wewe ukiwa umekaa unatazama. Naomba jambo moja tu, usikubali kuvishwa kabla sijafika. Wakikulazimisha, wasomee barua hii, yote, usiruke mahali. Kama hutataka nikanyage nyumbani, mwambie ntate Sekhobe, nami nitakaa pale kituoni na gauni mpaka mtume mtu aje alichukue. Lakini kama utaniruhusu niingie, na kama baada ya moto utaona mguu unaweza safari, kuna kitanda hapa, nimeshakihamishia upande wa jua.

Nisalimie shangazi Makhotso, ingawa najua salamu yangu itamkuta na fimbo. Nisalimie majirani wote, na yule bwana arusi uliyecheka kwenye arusi yake, mwambie hana hatia. Thakane anakubusu. Anasema utamkuta ana viatu.

Ni mimi mwanao ninayekuomba radhi,
Puseletso

Naongeza kidogo, maana ntate Sekhobe bado anapakia mizigo hapo nje. Mshono wa mwisho unakatika sasa, wamepanda ngazi watatu, na Refiloe amezima spika zote ili gauni lishuke kwa utulivu. Lineo ananiita niache kuandika nije nilipokee kwa chini, anasema gauni la mama wa mtu haliachwi liguse sakafu, niweke mikono yote miwili, basi kalamu naiweka chini.